Mafundi wa Uani: Nasaba ya Utengenezaji wa Pikipiki Kuukuu Mjini Kolwezi

Kazi ya kutengeneza pikipiki kuukuu uani mwa nyumba, ambayo wageni wengi wafikao Kolwezi huidhani kuwa ni kazi ya dharura iliyozaliwa na umaskini wa miaka hii ya karibuni, ina nasaba ndefu na yenye heshima. Na mwenye kutaka kuifuata nasaba hiyo hana budi kupita katika karakana za kampuni kubwa ya madini, na katika shule za ufundi za mapadre, na katika maduka ya wafanyabiashara waliokwisha kuondoka, hata afike kwenye tanuri za udongo ambazo wahunzi wa nchi hii walizifukuta kabla ya Mzungu yeyote kuweka mguu wake katika bonde la Lualaba. Mimi naihesabu kazi hii kuwa mojawapo ya elimu za mji wa Kolwezi, na naona ni dhuluma kwamba vitabu vilivyoandikwa juu ya mji huu, ambavyo vimejaa hesabu za tani za shaba na majina ya wakurugenzi, havimtaji kabisa mtu aliyeketi juu ya kigoda mbele ya injini iliyofunguliwa, naye ndiye aliyeyapokea maarifa ya karakana zile na kuyahifadhi wakati wenye mali walipoyatupa.

Wahunzi wa kale wa nchi hii, Wasanga na jirani zao, walichimba mawe ya kijani yenye shaba wakati wa kiangazi, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto katika tanuri zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu, na shaba iliyotoka wakaimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa mali ya kununulia na ya kuolea katika nchi nyingi za Afrika ya kati. Baadaye, katikati ya karne ya 19, alikuja Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa Kisumbwa kutoka nchi ya Unyamwezi, akajenga dola yake Bunkeya, akaipeleka shaba na pembe mashariki kwa njia ya Unyanyembe na magharibi kwa njia ya Benguela, mpaka alipouawa mwezi wa Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa na mfalme Leopold. Wayeke, watu wake Msiri, walikuwa mabingwa wa kuvuta uzi wa shaba: waliipitisha fito katika tundu jembamba, kisha katika tundu jembamba zaidi, na kila shaba ilipokuwa ngumu kwa kuvutwa waliirudisha motoni ikalainika tena. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye injini.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ikafika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910 ikitokea kusini kwa njia ya Rhodesia, na mwaka uliofuata tanuri la mji huo likatoa shaba yake ya kwanza. Kolwezi ilikawia kuliko miji mingine ya ukanda huu. Ilingoja mpaka reli ya Tenke hadi Dilolo ilipokamilika mwaka 1931, ikaungana na reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 mji ukapangwa kuwa makao ya migodi ya magharibi, wenye mitaa ya Wazungu iliyopandwa miti, na mbali nayo kambi za wafanyakazi zilizobeba majina ya migodi na mito, kama vile Musonoi, Kamoto na Luilu. Mahali palipo mbali na bahari namna hii, ambapo chombo kilichovunjika kingengoja majuma mengi ili mwenziwe aje kwa meli na reli kutoka Ubelgiji, kampuni ilijua kwamba haitachimba hata kikapu kimoja cha mawe isipokuwa kwanza iwe na karakana zenye uwezo wa kufanya upya kila kitu. Na Ubelgiji ilipokaliwa na majeshi ya Ujerumani mwezi wa Mei 1940, njia ya vipuri vya nyumbani ikafungika, ilhali mataifa yaliyokuwa vitani yalizidi kuidai shaba ya Katanga, haja hiyo ikawa kubwa maradufu.

Kwa hiyo ndani ya karakana zile palikuwa na mashine za kukereza chuma, na keekee za umeme, na jiriwa zilizofungwa mistari kwa mistari, na watu waliofundishwa kuzitumia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imeamua kuwaweka wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao, badala ya kuwachukua kwa mikataba mifupi na kuwarudisha makwao, na uamuzi huo, ambao kampuni iliufanya kwa faida yake yenyewe, ulizaa jambo ambalo haikulikusudia: mtu aliyekaa kazini miaka 20 huacha kuwa kibarua akawa fundi, na mwanawe hukua akisikia habari za kazi hiyo mezani. Mapadre Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Elisabethville mwaka 1911, walikuwa wamekwisha kuanzisha mafunzo ya useremala na ufundi wa vyuma, na kampuni nayo ilikuwa na shule zake za kazi. Ni kweli kwamba vyeo vya juu vilibaki mikononi mwa Wazungu mpaka mwisho wa ukoloni, na Mwafrika aliyejua kuifungua injini na kuifunga akaitwa msaidizi wa Mzungu aliyekuwa akitia sahihi. Lakini mkono ukisha kujua, haumwulizi mtu cheo chake.

Wakati huo pikipiki ilikuwa chombo cha padre, cha bwana shamba na cha afisa wa kikoloni, na aghalabu ilitoka Herstal, karibu na Liège, ambako viwanda vya FN, Saroléa na Gillet, vilivyokuwa vikongwe katika sanaa hii, viliunda vyombo vizito vya silinda moja vilivyovumilia barabara za udongo mwekundu. Mfanyakazi wa mgodi alipanda kinga, kama baiskeli inavyoitwa Katanga, na kinga hiyo ilikuwa fahari yake; aliisafisha Jumapili, akaipaka mafuta mnyororo wake, akaziba mpira wake mwenyewe, akanyoosha rimu kwa kukaza na kulegeza spoki moja baada ya nyingine huku akilizungusha gurudumu mbele ya jicho lake. Nadhani watu hawaipi kinga haki yake katika historia hii. Yote ambayo kijana wa leo anajifunza juu ya mnyororo, gololi, breki na mizani ya gurudumu, babu yake alijifunza juu ya kinga, uani, bila ya mwalimu.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, na Katanga ikajitenga siku chache baadaye mpaka majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Kolwezi mwezi wa Januari 1963, vyombo vingi vya Wazungu waliokimbia viliachwa, vikanunuliwa kwa bei ndogo, au vikachukuliwa tu. Kampuni yenyewe ilitaifishwa tangu Januari 1967, ikawa shirika ambalo baadaye liliitwa Gécamines, na kwa muda wa miaka michache mishahara ilikuwa mizuri, shaba ilikuwa ghali, na pikipiki za Kijapani zikaanza kuonekana milangoni mwa mafundi na makarani: Honda na Yamaha, nyepesi kuliko zile za Herstal, zenye kuwaka kwa teke moja. Miongoni mwake ilikuwa Yamaha AG100, iliyoundwa kwa ajili ya mashamba, yenye injini ya mipigo miwili na mnyororo uliofunikwa usipate vumbi, ambayo misheni na mabwana shamba wa Kongo wameipenda mpaka leo. Na zile zilizosalia, zikiwa zimekwisha badilishwa pistoni mara nyingi, ndizo wazee wa Kolwezi wanazozitaja kwa mapenzi.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973, ambapo Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa ya wananchi. Katika miji ya Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba wakati huo, biashara ya rejareja ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wagiriki, Wareno, Waitaliano na Mayahudi wa kisiwa cha Rhodes, na baadhi yao ndio waliokuwa wakiagiza vipuri. Wengi wa waliokabidhiwa maduka hayo waliuza kilichokuwamo, wala hawakuagiza kingine. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata reli ya Benguela, bei ya shaba ikiwa imekwisha kuanguka. Na mwezi wa Mei 1978, waasi walipoushika mji wa Kolwezi na askari wa miavuli wa Kifaransa wakashuka tarehe 19, Wazungu wengi waliokuwa mafundi wakuu waliondoka, na wananchi waliokuwa wakiitwa wasaidizi wakaonekana wanaiendesha kazi kama walivyokuwa wakiiendesha siku zote. Tangu hapo mwenye pikipiki aliyevunjikiwa na kifaa hakuwa na duka la kwenda. Alikwenda kwa jirani yake wa karakana, naye jirani, baada ya saa za kazi, na mara nyingine katika saa zenyewe, alimkerezea bushi ya shaba ya njano, au alimchongea parafujo ya feleji, kwa malipo ya kuku au ya chupa mbili za bia. Haikuwa halali kwa kanuni za kampuni, lakini mji mzima ulisafiri kwa fadhila hiyo.

Anguko la Gécamines limeandikwa na wengine, nami nitalitaja kwa ufupi: mgodi wa Kamoto wa chini ya ardhi uliporomoka mwezi wa Septemba 1990, askari wakapora miji mwaka 1991, na shirika lililotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 halikufikisha hata tani 50,000 mwaka 1994. Jambo ambalo halitajwi sana ni hasara ya ufundi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa na kampuni na ambao wao wenyewe walizaliwa katika kambi hizi, walifukuzwa Katanga kwa matusi na kwa damu, wakalala majuma na miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi wakafia humo. Na miongoni mwao walikuwamo mafundi wa umeme, wakerezaji na makanika wasiohesabika, walioondoka na elimu yao kichwani na kuacha zana zao nyuma. Tendo hilo lilikuwa uovu, na mji uliolitenda au kulitazama ukajinyima mikono yake iliyo bora.

Waliosalia walikaa bila ya mshahara, wengine zaidi ya miaka miwili, mpaka mwaka 2003, ambapo zaidi ya watu 10,000 wa Gécamines walikubali kuondoka kazini kwa malipo yaliyogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameandika kitabu juu ya watoto hao wa shaba walioachwa na baba yao, kwa kuwa katika kambi watu walizoea kusema kwamba kampuni ni baba na ni mama. Fedha za kuondoka hazikudumu, lakini kila aliyekuwa fundi aliondoka na kitu ambacho hakuna mkurugenzi aliyeweza kumnyang'anya. Na wengine wakaondoka na jiriwa, seti ya spana na kipimio cha unene vilivyokuwa vyao, wakaviweka chini ya mwembe au chini ya bati uani. Hapo ndipo karakana ilipohamia nyumbani, na ndiyo maana nimesema kwamba kazi hii imezaliwa na elimu kabla ya kuzaliwa na dhiki.

Ningependa msomaji aione kazi yenyewe, kwa sababu asiyeiona hawezi kuamini jinsi ilivyo ya hadhari. Pikipiki kuukuu ya mipigo minne, tuseme Honda ya zamani, ikiletwa kwa kuwa haiwaki, fundi mzee haigusi injini kwanza. Hufungua buji, huitazama rangi yake, na rangi hiyo humwambia nusu ya maradhi: nyeusi kavu ni esansi nyingi kuliko hewa, nyeusi yenye unyevu wa mafuta ni ringi au vali zilizochakaa, nyeupe ni hewa inayoingia mahali isipopaswa. Huisugua, huupima mwanya wake, ambao katika nyingi ya pikipiki hizi ni karibu milimita 0.7, kisha huiweka juu ya kichwa cha silinda na kupiga teke ili auone moto wake kivulini. Moto ukiwa dhaifu, hutazama platini, ile midomo miwili midogo ifungukayo na kufunga katika magineti, huilainisha kwa kipande cha msasa mwembamba na kuiweka mwanya wa milimita 0.3 au 0.4, na aliyekosa kipimio hutumia bapa la chuma alilolipima zamani kazini na kulitunza. Katika chombo kama Honda CG125, vali hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, kwa mwanya wa milimita 0.08, ambao jicho haliwezi kuuona, na ambao mkono uliozoea huujua kwa namna bapa linavyokwama kidogo likivutwa.

Kolwezi ina mambo yake mwenyewe yanayoiua pikipiki. Mji uko juu zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, hata kabureta iliyopangwa kwa nchi za pwani hutoa esansi nyingi kupita kiasi. Fundi anayejua hushusha sindano yake tundu moja, au hutia jeti ndogo zaidi, na moshi mweusi hukoma. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara za migodi, linalotimuliwa na malori usiku na mchana, huingia kila mahali, na chujio la hewa lisipooshwa kwa mafuta ya taa, likakaushwa, likalowekwa tena katika mafuta ya injini na kukamuliwa, pistoni hulika kama iliyotiwa msasa. Mvua zikianza, vumbi lile lile huwa tope linalokula minyororo, nayo huvuliwa, ikasafishwa kwa dizeli na kupakwa mafuta mazito.

Na hapa ndipo ile shaba ya Wayeke inaporudi, bila ya mimi kuilazimisha. Pete ndogo za shaba zinazoziba viunganishi vya mafuta, zikisha kubanwa mara moja huwa ngumu na kuvuja. Duka huuza mpya, lakini fundi wa uani huitia ile ya zamani katika makaa mpaka iwe nyekundu, akaitumbukiza katika maji, nayo hutoka laini kana kwamba haijapata kubanwa. Coili ya magineti ikiungua, huufungua uzi wake akihesabu mizunguko na kuiandika katika daftari, kisha huizungushia uzi mpya wenye unene ule ule, na chombo ambacho mwenye duka alikihukumu kufa huwasha taa yake. Simjui mtu aliyeufunga uzi huo akiwa na habari kwamba watu wa Bunkeya waliuvuta uzi wa shaba kwa namna yao. Lakini desturi ya kuijua shaba kwa moto na kwa vidole haijapata kukatika katika nchi hii, na mimi naona ni haki kuzitia kazi hizo mbili katika nasaba moja.

Tangu serikali ilipowaruhusu wananchi kuchimba kwa mikono mwishoni mwa miaka ya 1990, na sheria ya madini ya 2002 ikalitambua jambo hilo, pikipiki zimekuwa nyingi mno. Hubeba magunia ya mawe kutoka mashimoni, hubeba abiria, na vijana waziendeshao, ambao watu wa huku huwaita manseba, hawana wasaa wa kungoja. Vyombo vyao ni vya Kichina na vya Kihindi, na injini nyingi za Kichina ni wana wa ile CG125 ambayo Honda iliitoa mwaka 1976, baada ya wahandisi wake kuona jinsi watu wa nchi zenye barabara mbaya wanavyozibebesha pikipiki mizigo na kusahau kuzitunza, wakaiundia vali zinazosukumwa kwa vijiti ili iwe nyepesi kufunguliwa na kufungwa. Kwa hiyo mzee aliyeijua Honda moja anazijua nyingi za hizi mpya. Vipuri vyake leo vinakuja kwa wingi: vingine hupitia Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa, vingi ni hafifu, na fundi mwenye insafu humwambia mteja wake wazi kwamba ringi hii haitamaliza mwaka.

Katika ua ule, ambao katika mitaa kama Kasulo huenda umekwisha chimbwa shimo la kutafuta kobalti hatua chache tu kutoka penye jiriwa, kijana huanza kwa kuosha vyombo katika sufuria ya dizeli na kuvipanga juu ya gunia kwa taratibu vilivyotoka. Hapewi kabureta mpaka ajulikane kwamba hapotezi jeti. Akiagizwa hujibu, "Eyo mukwai," wala haulizi sababu mbele ya mteja. Huiuliza jioni, wakati wa kunawa mikono, na mzee akipenda humweleza kwa maneno ya Kifaransa ya karakana yaliyochanganywa na Kiswahili cha Katanga, kama yeye mwenyewe alivyoelezwa. Baada ya kabureta huja breki na klachi, kisha kichwa cha silinda, na mwisho kabisa, pengine baada ya miaka kadhaa, injini nzima ya kupasuliwa katikati, yenye gia zake zote mezani. Mzee humwachia kazi hiyo siku ambayo yeye mwenyewe ana safari ya msibani au hospitalini, hurudi, huipiga teke, huisikiliza, na ikiwa sauti ni safi humruhusu kudai malipo yake mwenyewe kwa mteja. Wengi wa vijana hao hawakai tena hapo. Hununua spana zao, wakaenda kufungua ua mwingine Kapata, au Luilu, au mbali zaidi huko Fungurume penye migodi mipya, wakiwa na daftari walilonakili kwa mkono: mwanya wa platini, mwanya wa vali, idadi ya mizunguko ya coili, na pembeni ya kila hesabu jina la chombo na mwaka wake.